Kukatia bima karakana ya useremala: hatari zipi, na kwa thamani ipi?

SeremalaKeko

Habari zenu ndugu zangu. Ninaendesha karakana ya useremala Keko, Dar es Salaam, yenye mafundi 11 wa kudumu pamoja na vibarua wanaoongezeka kazi zinapokuwa nyingi. Tunatengeneza milango, fremu na makabati ya jikoni, sehemu kubwa kwa mninga, mkongo na mtiki, na siku hizi pia kwa MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, ambao wajenzi wa nyumba za kupangisha wanaupenda kwa sababu ya bei. Jengo ni la kupanga. Mashine zote nilizinunua zikiwa zimekwisha kutumika, na mbili kati ya hizo zimewekwa dhamana benki kwa mkopo ambao bado ninaulipa.

Mkandarasi mmoja anayejenga hosteli ametupa kazi ya milango na makabati, lakini anataka kuona hati za bima kabla ya kusaini mkataba. Wakala niliyemwendea ameniandalia bima ya moto na wizi peke yake, kwa jumla ya shilingi milioni 78: milioni 48 kwa mashine, ambazo ndizo fedha nilizolipa nilipozinunua, na milioni 30 kwa mbao na bidhaa zilizo tayari. Kwenye fomu ameandika kwamba shughuli yetu ni uuzaji wa samani. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba kwa namna hiyo ada inakuwa ndogo.

Maswali yangu ni haya. Je, bima ya moto na wizi inatosha kwa karakana kama hii? Thamani ya mashine zilizotumika inawekwaje? Na kwa kuwa tunachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kila mwezi, je, bado kuna haja ya bima nyingine inayohusu watu? Nitashukuru zaidi kusikia kutoka kwa wale wanaofahamu jinsi madai yanavyoshughulikiwa baada ya hasara kutokea.

MkadiriaHasara

Ndugu SeremalaKeko, kazi yangu ni kukadiria hasara baada ya moto, mafuriko na wizi, na karakana za mbao ninazifahamu vizuri. Nitaanza na jambo ulilolitaja mwishoni mwa maelezo yako, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote: usikubali shughuli yako iandikwe kuwa ni uuzaji wa samani.

Mkataba wa bima hutegemea wajibu wa mwenye mali kueleza ukweli wote unaoihusu hatari, ukiwamo ule ambao fomu haikuuliza. Duka la samani lina meza na vitanda. Karakana ina vumbi la mbao, maranda, vanishi, tina ya kuizimulia, mota za umeme na watu wanaokata na kupiga msasa kutwa nzima. Kampuni za bima hupanga ada tofauti kabisa kwa shughuli hizi mbili, na zipo zinazolikubali duka lakini karakana haziichukui bila ukaguzi. Moto ukitokea, mkadiriaji anapofika husoma kwanza maelezo ya shughuli yaliyo kwenye hati, kisha huangalia kilichobaki sakafuni. Akikuta misumeno mahali palipoandikwa duka, kampuni inaweza kulikataa dai zima, na sahihi iliyo kwenye fomu ni yako, wala si ya wakala. Andika kila kitu: kwamba mnakata na kupiga randa, kwamba mnapulizia vanishi ndani, mnahifadhi lita ngapi za tina na wapi, kama kuna mchomeleaji wa vyuma anayepakana nanyi, na kama mnafanya kazi usiku. Ada itapanda, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18, lakini utakuwa umenunua kinga ya kweli.

Sasa tuje kwenye thamani. Zile milioni 48 ulizolipa wakati ule hazina nafasi katika hesabu hii. Bima ya mashine huwekwa kwa msingi mmoja kati ya miwili: ama thamani ya mashine kama ilivyo leo baada ya kuchakaa, ama gharama ya kununua nyingine mpya ya aina na uwezo ule ule, pamoja na usafiri, ushuru wa forodha na kuifunga. Msingi gani umechaguliwa lazima uandikwe kwenye hati, na kiasi cha bima lazima kilingane nao. Kikiwa pungufu, inatumika kanuni ya uwiano, ambayo imo karibu katika kila hati ya bima ya moto na ambayo ndiyo chanzo cha magomvi mengi kati ya wafanyabiashara na kampuni. Tuseme mashine zako zikinunuliwa mpya zinafikia milioni 96, nawe umekata bima ya gharama mpya kwa milioni 48. Moto mdogo ukiunguza mashine za milioni 30, hutalipwa milioni 30. Umekatia bima nusu ya thamani, kwa hiyo utalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 15, na hapo kitatolewa bado kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe. Wengi hudhani kwamba upungufu wa thamani huumiza pale tu kila kitu kinapoteketea, kumbe hukata hata hasara ya kona moja ya karakana.

Kwa mbao na bidhaa, tafuta kiwango cha juu kabisa kinachofikiwa ndani ya mwaka. Ukiipata kazi ya hosteli utajaza milango na makabati hadi darini kabla ya kuyapeleka, na milioni 30 za sasa hazitakuwa na maana tena. Mbao za wateja walizokuletea uwachongee, au milango yao ya zamani iliyo kwako kwa ukarabati, si mali yako, na hati ya kawaida haiigusi mali ya mtu mwingine isipokuwa imetajwa wazi kwamba imo kwa sababu iko chini ya uangalizi wako. Hili husahaulika mno, na mteja ambaye mninga wake umeungua hatajali kwamba hati yako haikuutaja.

Moto na wizi havitoshi. Kwanza, bima ya moto pekee haina mafuriko wala dhoruba mpaka hatari hizo ziongezwe, na kwa Dar es Salaam wakati wa masika sioni sababu ya kuziacha, kwa kuwa MDF iliyolowa maji huvimba na haina pa kwenda. Pili, mota iliyoungua yenyewe kwa sababu fezi moja ya umeme imekatika kwa kawaida hailipwi na bima ya moto. Moto ukitoka kwenye mota hiyo na kushika vitu vingine, vile vingine hulipwa, lakini mota yenyewe inahitaji bima ya kuharibika kwa mitambo. Tatu, bima ya wizi hudai alama za kuvunja. Mlango ukiwa haujaguswa na keekee tatu zimetoweka, hilo litahesabiwa kuwa ni wizi wa ndani, ambao una bima yake ya uaminifu wa wafanyakazi.

Nne ni hasara ya biashara kusimama. Benki itaendelea kudai marejesho, mwenye nyumba atadai kodi, na mafundi wako wazuri watahamia karakana ya jirani usipoweza kuwalipa. Bima hii hulipa faida ghafi iliyopotea na gharama zisizokwepeka kwa kipindi mlichokubaliana. Watu huchagua miezi mitatu ili ada iwe nafuu, ilhali mashine inayoagizwa kutoka China au Italia, pamoja na kusubiri bandarini na kufungwa upya, huimaliza miezi hiyo mitatu kabla hujakata ubao hata mmoja. Kwa karakana yenye mashine za kuagizwa ningeanzia miezi sita, na ningependelea 12.

Kuhusu benki, hakikisha jina lake linaandikwa kwenye hati kwa zile mashine mbili tu zilizo dhamana. Likiandikwa kwa mali yote, fidia yote itapitia benki kwanza.

FundiMkuuMoshi

Ndugu yetu mkadiriaji amelieleza vizuri suala la hati. Mimi ningependa kulizungumzia jengo lenyewe, maana mkaguzi wa kampuni ya bima atakuja kulitazama, na vilevile wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka uisajili karakana kama sehemu ya kazi. Masharti mengi ambayo kampuni huyaandika kwenye hati za karakana, kama vile kufagia kila siku na kutoweka zaidi ya kiasi fulani cha tina ndani, yana nguvu ya kisheria. Ukiyavunja, fidia iko mashakani.

Adui mkubwa ni vumbi laini, hasa la msasa na la MDF. Pumba nzito za randa huungua polepole, lakini vumbi jembamba lililotulia juu ya kenchi, taa na nyaya likitifuliwa hewani mahali palipofungwa na kukutana na cheche, huwaka kwa mshindo. Kwa sababu hiyo msilipulize kwa kompresa, kama mafundi wengi wanavyofanya jioni ili wamalize haraka. Lifagieni kwa utaratibu, au bora zaidi funga mfumo wa kulifyonza pale pale linapotoka kwenye mashine. Na likishika moto, msilimwagie maji kwa nguvu, kwani mkondo wa maji huirusha ile sehemu ambayo haijaungua hewani. Nyunyizeni taratibu.

Jambo jingine linalopuuzwa ni vitambaa vya kupakia mafuta ya linsidi. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa kwenye kona yenye maranda huweza kuwaka chenyewe usiku, hali hakuna aliyewasha kiberiti. Viwekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na maji, au vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke. Vanishi na tina vikae kwenye chumba tofauti chenye mlango wa chuma na madirisha ya kupitisha hewa, na ndani ya karakana iingie kiasi cha kazi ya siku hiyo tu. Mitungi ya kuzimia moto ya unga mkavu iwepo karibu na milango ya kutokea, ikaguliwe kila mwaka, na kila fundi awe amewahi kuutumia mmoja kwa mikono yake. Namba ya zimamoto, 114, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Kwa Keko ningeongeza suala la majirani. Karakana zimebanana, na mchomeleaji wa vyuma mara nyingi anafanya kazi hatua chache kutoka kwenye lundo la maranda. Ukuta wa mabati hauzuii cheche. Zungumza naye, mkubaliane saa na umbali, kisha ujenge tofali upande huo hata kama jengo si lako. Mwenye nyumba hatakataa ukuta wa bure. Maranda nayo msiyalimbikize hadi mfugaji wa kuku aje kuyachukua mwisho wa wiki, yaondoke kila jioni.

Kwa upande wa watu, msumeno wa meza usifanye kazi bila kinga yake na bila kile kisu cha nyuma kinachozuia ubao kubana na kurushwa kifuani kwa fundi. Mafundi huivua kinga kwa madai kwamba inawachelewesha, na msimamizi anayeona akanyamaza anakuwa ameruhusu. Masikio na pua pia ni vya kulindwa. Tangu mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua na mashimo yaliyo kandokando yake. Kitambaa kilichofungwa usoni si barakoa. Vipimo vya afya ambavyo sheria inavitaka kwa wafanyakazi vifanyike kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi, na kumbukumbu zake zitunzwe, kwa sababu ugonjwa unaotokana na kazi nao hufidiwa, lakini unahitaji ushahidi.

SonaraWaMbaoNakuru

Salamu kutoka Nakuru. Huku Kenya tuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, na inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima kutoka kampuni iliyoidhinishwa. Akifariki mfanyakazi au akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Kwenu mfuko ni wa serikali na kwetu ni hati ya kampuni binafsi, lakini mifumo yote miwili humwangalia mfanyakazi tu. Haimwangalii mteja, wala mpita njia, wala jirani. Mkandarasi wako ana wasiwasi na hao, kwa hiyo ninaamini kwamba anachokitaka hasa ni bima ya dhima kwa watu wengine, na ile ya moto haitamridhisha.

Kabati la juu likiwekwa vibaya hosteli, likang'oka na kumwangukia mwanafunzi, bima ya dhima ndiyo itakayolipa matibabu yake na gharama za kesi. Gharama ya kulitengeneza upya kabati lenyewe haitalipa, kwa sababu kazi mbaya ni jukumu la fundi. Mfano wa pili ni ule unaonipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa hutokea mara nyingi: fundi anatoboa ukuta kufunga kabati na keekee inapasua bomba la maji, vyumba vya chini vinalowa. Hapa soma hati neno kwa neno, maana nyingi hukataa kulipia ile mali ambayo fundi alikuwa anaifanyia kazi wakati huo, ingawa hulipia ile iliyoharibika pembeni. Omba kiasi cha bima kilingane na thamani ya jengo unaloingia, na bima iendelee baada ya kukabidhi kazi, kwa kuwa kabati halianguki siku linapofungwa.

Ongeza na bima ya mali safarini. Milango iliyopakwa vanishi ikisagana kwenye lori kutoka Keko hadi eneo la ujenzi, hasara ni yako mpaka mteja asaini kuipokea.

Kuhusu kubanana kwa karakana, nakubaliana kabisa na mwenzangu wa Moshi. Moto wa Gikomba wa Juni 2018, jijini Nairobi, uliua watu 15, na ulienea usiku katika eneo lenye mbao, vibanda na makazi pamoja. Hakuna hati inayoweza kufidia hilo.

SeremalaKeko

Ninawashukuru sana. Fomu nimeirudisha bila kuisaini, na nimeomba kampuni ilete mkaguzi. Yamebaki mawili. Je, vibarua na vijana wa chuo cha ufundi cha VETA waliokuja kwa mafunzo ya vitendo wanaingia kwenye Mfuko wa Fidia? Na mwenye nyumba anasema jengo lake lina bima, kwa hiyo nisijisumbue na sehemu hiyo. Je, yuko sahihi?

MkadiriaHasara

Nianze na mwenye nyumba, kwa kuwa maneno yake yanaweza kukugharimu. Bima yake inalilinda jengo kwa faida yake yeye. Moto ukianzia kwenye karakana yako kwa uzembe wa fundi wako, kampuni yake itamlipa, kisha itakuwa na haki ya kusimama mahali pake na kukudai wewe fedha hizo. Una njia mbili. Mwombe kampuni yake iandike kwamba inaachilia haki hiyo dhidi ya mpangaji, na upate nakala ya maandishi hayo. Ikikataa, hakikisha bima yako ya dhima inataja waziwazi jengo unalolipanga, kwa sababu hati nyingi za dhima huiondoa mali iliyo mikononi mwa mwenye bima. Pia muulize kama ameiambia kampuni yake kwamba ndani kuna karakana; kama hati yake inasema ghala au ofisi, tatizo ulilokuwa nalo kwenye fomu yako analo na yeye.

Kuhusu Mfuko, mchango wa mwajiri wa sekta binafsi kwa sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara, na mfanyakazi hakatwi chochote. Mafao yake yanagusa matibabu, ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao (kumsaidia aliyeumia kurudia uwezo wake), msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Kibarua unayemlipa mkononi bila jina lake kuwa kwenye orodha ya malipo atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba alikuwa mwajiriwa wako siku msumeno ulipomkata, nawe utajikuta unagharamia hospitali kutoka mfukoni. Waandikishe, hata kama ni kwa wiki mbili, na ajali iripotiwe mara inapotokea. Kwa vijana wa mafunzo, uandikie Mfuko na chuo chao barua kabla hawajagusa mashine, upate jibu la maandishi kuhusu nani anabeba dhima. Jibu likiwa kwamba hawamo, chukua bima binafsi ya ajali kwa majina yao kwa kipindi cha mafunzo, ambayo ada yake si kubwa.

Mkaguzi atakapokuja, uwe na orodha ya mashine yenye aina, namba na mwaka, risiti za EFD, picha, na bei za sasa kutoka kwa wauzaji angalau wawili. Nakala za vyote hivyo zikae nje ya karakana, kwenye barua pepe au nyumbani, kwa sababu nimekutana na wafanyabiashara waaminifu ambao vitabu vyao viliungua pamoja na mali na wakashindwa kuthibitisha walichokuwa nacho. Kumbuka kwamba kwa Tanzania kinga haianzi mpaka ada ilipwe, hivyo usimpelekee mkandarasi hati ambayo hujailipia. Ukishalipa, thibitisha kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwamba hati yako imesajiliwa. Na endapo siku moja utatofautiana na kampuni kuhusu dai, ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo, na unaweza kuipelekea malalamiko yako kwa maandishi kabla ya kufikiria mahakama.